Tambo Mlangoni, Kimya Porini

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora haikuingia mjini kimyakimya. Ilipokaribia, wapagazi walisimama kwanza, wakajikung'uta vumbi, wakavaa nguo walizozitunza kwa ajili ya siku hiyo, kisha bunduki zikalia, baragumu zikapulizwa, na kila mwenye sauti akajisifu. Mnyamwezi aliyebeba frasila 2 begani, yaani kilo kama 32, kutoka Bagamoyo hadi bara, alikuwa na haki hiyo. Alipoondoka nyumbani alisindikizwa kwa nyimbo, na aliporudi alitaka nyimbo.

Katikati ya njia hiyo palikuwa na Mgunda Mkali. Ndilo pori kavu lililotenganisha Ugogo na Unyamwezi, na sehemu yake kubwa leo imo upande wa Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Burton alilivuka mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika juu ya ukame wake. Wapagazi walikuwa na neno lao kwa namna ya kuvuka mahali kama hapo: terekeza. Walipika na kula mapema, wakajaza maji vibuyuni, wakabeba mizigo jua likiwa bado kali, wakatembea mpaka giza, wakalala pasipo kisima, na alfajiri wakaendelea mpaka maji yalipopatikana. Aliyemaliza mate yake kwa maneno katika terekeza alijipunja mwenyewe. Pori halikuwa na wa kusikiliza, na mzigo haukupungua uzito kwa kutukanwa.

Naanzia huko kwa sababu kila tunapobishana kuhusu wanamichezo wenye maneno na wanamichezo wakimya, tunabishana kana kwamba ni watu wa koo mbili na sharti tuchague ukoo mmoja. Wapagazi wale walikuwa watu walewale. Walijua mahali pa kutamba na mahali pa kufunga mdomo, na mkoa wa Singida ndio uliokuwa mahali pao pa kufunga mdomo. Kwangu si jambo dogo kwamba mtu aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha alizaliwa mkoani humo, na kwamba ameipata kwa namna ya terekeza.

Lakini tambo nazo zina historia yake, na haipendezi kuzipita haraka. Njia zilezile za misafara zinatajwa miongoni mwa vyanzo vya utani wa makabila. Watu waliokutana safarini na vitani, wakahitaji kulala kwa wenyeji na kuzikana ugenini, walijenga ruhusa ya kudhihakiana. Mtani anaweza kuja msibani akazuia jeneza mpaka apewe chochote, akamcheka marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayekunja uso. Watu husahau nusu ya pili: mtani huyohuyo hushika jembe na kuchimba kaburi, hupika, hufariji. Kejeli yake ina wajibu nyuma yake. Anayedhihaki ni yule atakayekuja ukianguka.

Pwani, kuanzia miaka ya 1890, ngoma ya beni iliziweka tambo katika mashindano rasmi. Vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana kwa tarumbeta, kwa sare, kwa gwaride na kwa nyimbo za vijembe, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na makarani wakaieneza bara. Mji uligawanyika pande mbili na kila upande ulijua maneno ya kuuchoma mwingine. Beni ilipofifia, mpira ulikuwa umeshaingia mitaani. Young Africans, yaani Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata waliojitenga wakaunda timu yao, iliyopitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Hatukuuita uhusiano wa Simba na Yanga uadui. Tuliuita utani wa jadi, na jina hilo ni la haki kabisa. Shabiki wa Simba anayemkumbusha mwenzake mabao 6–0 ya mwaka 1977, na shabiki wa Yanga aliyenyoosha vidole vitano hewani baada ya 5–1 ya Novemba 2023, ni watu wanaopanda daladala moja kurudi nyumbani.

Katika mpira wa Tanzania mchezaji hasemi sana. Kazi hiyo amepewa msemaji. Haji Manara aliifanya kwa Simba, kisha mwaka 2021 akavuka kwenda Yanga na kuifanya kwa nguvu ileile upande wa pili, na nchi nzima ikasimama kumsikiliza. Mwaka uliofuata kamati ya maadili ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ilimfungia miaka 2 kwa maneno aliyomtolea rais wa shirikisho. Wengi waliona adhabu ni kubwa, wengine ndogo. Mimi naona tukio lile lilionyesha mpaka ulipo. Vijembe kwa watani vilikuwa vimezoeleka, kwa kuwa mtani ana nafasi ya kujibu wiki ijayo na wajibu wa kukaa nawe. Neno likimlenga mtu nje ya mduara huo linabaki tusi, hata likisemwa na fundi yuleyule.

Ndondi ndizo zilizotupa mtu wa kubeba tambo zake mwenyewe. Karim Mandonga, aliyejiita Mtu Kazi, aliyabatiza makonde yake majina kama Sugunyo, na watu ambao hawakuwahi kutazama pambano la ngumi wakaanza kununua tiketi. Julai 2022 huko Songea Shaban Kaoneka alimwangusha. Mandonga hakuacha kuongea, na umaarufu wake uliongezeka. Januari 2023 alikwenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi. Julai mwaka huohuo wakarudiana na Wanyonyi akashinda. Mtu huyu alifanya kazi ya kweli. Alileta furaha na alijaza kumbi. Tambo zake zilikuwa za mlangoni, za kuingia mjini, na watu walilipa kuja kuzisikia.

Singida yenyewe ilijaribu bahati yake katika kelele hizo. Singida United, Walima Alizeti, walirudi Ligi Kuu mwaka 2017 na msimu uleule wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa 3–2 na Mtibwa Sugar pale Arusha. Miaka michache baadaye walishuka. Ikaja Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate; kisha Ihefu ikahamia mkoani na kuwa Singida Black Stars. Hata uwanja uliojulikana kama Namfua sasa unaitwa Liti. Nina huruma na shabiki wa Singida hapo. Tambo huhitaji babu. Mtu wa Jangwani, yaani Yanga, na mtu wa Msimbazi, yaani Simba, wana mabao ya mwaka 1968 na 1977 ya kurushiana. Mtu wa Singida aliyetaka kujibu alilazimika kwanza kueleza timu yake inaitwaje mwaka huu. Labda ndiyo maana sauti ya mkoa huu katika michezo imetoka mahali pengine, kwenye mbio ndefu, ambako hakuna msemaji. Kabla ya huyu ninayemjia, Zakia Mrisho, mzaliwa wa Singida, alimaliza wa 6 katika mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia ya Helsinki mwaka 2005, na ni Watanzania wachache sana wanaolikumbuka jina lake.

Kuna siku ambapo mfalme wa tambo wa dunia nzima alifika Dar es Salaam, na yaliyomkuta yanastahili kusimuliwa taratibu.

Muhammad Ali alikuwa ameshatufundisha sote. Mwaka 1974, Kinshasa, alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8 baada ya kuegemea kamba na kupokea makonde raundi nyingi, na hata hapo kwenye kamba hakunyamaza. Alimsemesha Foreman sikioni akimuuliza kama hayo ndiyo makonde yake yote. Nakiri kwamba mfano huu unanipinga. Ali alitamba porini pia. Ila ngumi zina sikio la mpinzani umbali wa mkono mmoja, na zina dakika ya kupumzika kila baada ya tatu. Neno linaweza kuingia mahali ambapo konde limeshindwa.

Mwanzoni mwa Februari 1980 Ali alitumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Umoja wa Kisovieti huko Afghanistan. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Tanzania. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Hakutoa hotuba ya kumkemea, hakumjibu kwa kejeli, hakumpokea tu. Kisha waandishi wa habari wakamuuliza Ali swali la upole: kwa nini Afrika isusie kwa ajili ya Marekani, ilhali mwaka 1976 Afrika iliposusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kupeleka timu ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini, Marekani haikuiunga mkono? Ali alikiri kwamba hakuna aliyemwambia habari hizo. Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila bondia duniani alikosa jibu mbele ya chumba cha watu waliosema kwa sauti ya kawaida.

Swali lile lilikuwa na mtu ndani yake. Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 sekunde 32.16, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia ilisubiri wakutane Montreal. Tanzania haikwenda. Walker akachukua dhahabu bila Bayi, na Bayi akabaki na rekodi na miaka yake bora ikipita. Angekuwa na haki ya kulalamika hadi leo. Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda Moscow, Ali akiwa amesharudi kwao, na watu wawili wakarudi na fedha: Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hizo ndizo medali za Olimpiki tulizo nazo mpaka leo. Hakuna nyingine.

Ukiangalia jinsi Bayi alivyokimbia utaona jambo ambalo wasimulizi wetu hulipita. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, lakini miguu yake ilitamba. Christchurch aliongoza tangu mwanzo hadi utepe. Moscow alichomoka mapema, akawaacha wenzake mita nyingi, na Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata kwenye kidimbwi cha mwisho. Kukimbia mbele tangu mwanzo ni kusema: nifuate kama unaweza. Ni majigambo yasiyo na maneno, na gharama yake hulipwa na mapafu. Juma Ikangaa wa Dodoma, jirani wa Singida, alikuwa wa ukoo huo. Brisbane mwaka 1982, katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, alivunja kundi mapema, na Robert de Castella akamfukuza kilomita nyingi hadi kumpita kwa sekunde 12. Boston mwaka 1988 Ikangaa alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1: 2:08:43 kwa 2:08:44. Akawa wa pili tena mwaka 1989 na tena 1990. New York mwaka 1989 miguu ile ilisema kweli, akashinda kwa 2:08:01.

Ndipo anakuja Alphonce Simbu, mzaliwa wa kijiji cha Mampando wilayani Ikungi, mwaka 1992, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania kama Ikangaa alivyokuwa. Ikungi ni nchi ya alizeti na mawe makubwa yaliyosimama juu ya tambarare, na upepo unaovuma bila kizuizi. Simbu hatambi kwa mdomo, na hatambi kwa miguu. Hukaa katikati ya kundi, mahali ambapo kamera haimwoni, na husubiri.

Nilichelewa kumwelewa. Katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa wa 5 na tulisema amejitahidi. Londoni, Agosti 2017, akawa wa 3 kwenye mashindano ya dunia kwa 2:09:51, sekunde 2 tu nyuma ya Tamirat Tola wa Ethiopia aliyekuwa wa pili, na kwa wiki chache nchi ilimshangilia. Halafu miaka ikapita. Wa 7 katika Olimpiki ya Tokyo, marathoni iliyokimbiwa Sapporo mwaka 2021. Fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham mwaka 2022, nyuma ya Victor Kiplangat wa Uganda. Wa 17 Paris mwaka 2024. Alikuwa ametimiza miaka 32, na katika nchi inayohesabu thamani ya mwanamichezo kwa kiasi anachozungumzwa, hakuna aliyekuwa akimzungumza. Simlaumu mtu, mimi pia sikumfikiria. Lakini miaka minane kati ya Londoni na Tokyo ya 2025 ndiyo Mgunda Mkali wake, na aliivuka bila kutuambia kitu.

Aprili 2025, Boston. John Korir wa Kenya alianguka mwanzoni, akainuka, akashinda. Nyuma yake Simbu na Cyprian Kotut walikimbizana mpaka mwisho na wote wakaandikiwa 2:05:04, Simbu mbele. Ilikuwa nafasi ileile ya Ikangaa, ya pili, na watu wakaandika kwamba Mtanzania ameshindwa tena Boston. Hawakuitazama ile sekunde ya mwisho. Mtu wa katikati ya kundi alikuwa ameonyesha kwamba baada ya kilomita 42 bado ana mbio za mtoto wa shule.

Kisha mashindano ya dunia ya Tokyo, asubuhi ya 15 Septemba 2025. Mbio zilisogezwa mbele nusu saa kwa sababu ya joto, zikaanza saa 1:30 asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni saa 7:30 usiku. Mwanzo ulikosewa, mkimbiaji akachomoka kabla ya ishara, wote wakarudishwa mstarini. Jambo adimu kabisa katika marathoni. Halafu joto na unyevu vikafanya kazi yao. Baadhi ya vigogo waliacha njiani. Kundi lilipungua kidogo kidogo, na Simbu akawa bado yumo, haongozi, haonekani. Mpaka uwanja wa taifa wa Tokyo ulipokaribia walikuwa wamebaki watatu wa kugombania dhahabu: Amanal Petros wa Ujerumani, Iliass Aouani wa Italia, na mtu wa Ikungi.

Petros naye alikuwa na pori lake. Alizaliwa Eritrea, akaingia Ujerumani kama mkimbizi akiwa kijana, na sasa aliingia uwanjani wa kwanza mbele ya maelfu waliosimama. Aliongeza mwendo. Katika mita za mwisho bado alikuwa mbele, na yeyote aliyekuwa akitazama alishaandika jina lake. Simbu akatoka nyuma yake. Hatua chache kabla ya mstari walikuwa sambamba, kisha wakarusha vifua, na Petros akaanguka chini baada ya mstari kwa nguvu alizozimaliza zote.

Wote wawili 2:09:48. Aouani sekunde 5 nyuma yao. Usiku uliotangulia, kwenye uwanja uleule, Oblique Seville wa Jamaika alishinda mita 100 kwa tofauti ya sekunde 0.05; hii ya marathoni, baada ya kilomita 42 na mita 195, ilikuwa sekunde 0.03.

Mwezi huohuo, Dar es Salaam, Singida Black Stars waliifunga Al Hilal ya Sudan 2–1 na kutwaa Kombe la Kagame, na mabaragumu yakalia kama yanavyopaswa kulia. Nafurahi kwamba mkoa ulipata vyote viwili katika mwezi mmoja. Lakini dakika ninayoirudia ni ya Tokyo, kabla ya tarakimu kutoka. Simbu alisema baadaye kwamba alipovuka hakujua kama ameshinda. Hakuinua mikono. Mbele ya umati ule, huku waamuzi wakichunguza picha, alisimama akihema, ameelekeza macho kwenye skrini kubwa kama kila mtu mwingine. Singida ilikuwa saa 9:40 usiku, Ikungi gizani, jogoo bado. Kisha jina lake likatokea juu.